Barua Isiyo na Tusi

Watu wa Misikhu wamenichosha. Kila nikishuka pale siku ya soko, lazima mmoja anishike mkono na kuniambia, "Jotham, si umsamehe tu yule Rotich? Ni mtu mzuri bana." Mzuri wa nini? Mimi simtaki. Akipita upande huu wa barabara, mimi napita ule. Na kabla hujaanza kunihubiria na wewe, kaa chini usikie alichonifanyia, kisha uniambie kama ungemnunulia chai.

Kwanza ujue Makokha ni nani kwangu. Makokha ni mukoki wangu. Kwetu Bungoma, bakoki ni watu waliotahiriwa msimu mmoja. Sisi tulizidi hapo, maana tulipakwa matope mto mmoja asubuhi moja, tukasimama ua mmoja tukikodoa macho juu, yeye akakatwa kwanza, mimi nikafuata. Sasa mukoki wako hakuheshimu. Kazi yake ni kukutukana. Atakutukana mbele ya bibi yako, mbele ya mama mkwe, hata kwenye matanga ya baba yako anaweza kuja kusema mzee amekufa ili asikuone tena. Ukikasirika, wewe ndiye mjinga. Unangoja zamu yako, unamrudishia.

Kuna jambo moja tu ambalo mukoki hafanyi. Hakuiti Bwana. Siku atakapokuamkia kwa adabu, akuite Bwana fulani na kukutakia heri, ujue amekutoa. Hajakushtaki kwa chifu wala hajakuchapa. Amekutoa tu, umekuwa mtu baki, na kila aliyesikia anajua. Mzee mmoja kwetu aliitwa Bwana na mukoki wake kwa sababu ya shamba, na wakafa bila kutukanana tena. Watu bado wanaizungumza hiyo habari kwa sauti ya chini.

Haya. Mwaka wa elfu mbili Makokha alikuwa koplo jeshini, akapelekwa Sierra Leone na kikosi cha kulinda amani. Amani gani, hata sijui, maana walifika wakakuta watu wanapigana. Mimi nilikuwa nauza vipuri vya trekta pale Kitale, kwa duka la Harnam Singh, na nilikuwa nakaa mtaa wa Tuwan. Barua zangu zilipitia sanduku la posta la duka. Mke wa Harnam, Mama Bimla, ndiye aliyekuwa anapokea barua na kuzigawa, na barua ya kwanza ya Makokha ilipofika aliishika kwa ncha za vidole. Juu ya bahasha iliandikwa hivi: Kwa Jotham Wekoye, Mwoga wa Kisu, Mla Matanga, kisha nambari ya sanduku, Kitale.

"Jotham," Mama Bimla akaniuliza mbele ya wateja, "huyu rafiki yako hakufundishwa na mama yake?"

"Alifundishwa, Mama. Hii ndiyo adabu yenyewe."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nikaifungua barua nyuma ya magurudumu, nikacheka peke yangu mpaka Harnam akachungulia.

"Wewe Jotham," Makokha aliandika, "bado unapumua hewa ya bure? Huku mvua haijui kwenda kwao, kama wewe ukialikwa chakula. Jana walitupiga tukiwa tunapika. Sufuria ya maharagwe imepata matundu mawili, mimi sina hata moja, kwa hivyo usianze kujipima suruali zangu. Niliogopa, ndiyo. Lakini sijafikia woga niliouona kwa uso wako asubuhi ile mtoni. Nenda Misikhu uangalie kama Sellah amepata mbegu. Nenda mchana, rudi mchana, na usinimalizie kuku."

Unaona? Ukiisoma kama Mama Bimla, utasema huyo mtu ananichukia. Ukiisoma kama mimi, unajua ameponea chupuchupu, anamuwaza mke wake, na mtu pekee anayeweza kumwambia kwamba ameogopa ni mimi. Nilimjibu siku hiyo hiyo, na nilimjibu moto. Nilimwambia yeye ni tumbo la serikali, na hao waasi wanamkosa kwa makusudi maana hakuna anayetaka kumbeba akifa. Nilimwambia mbegu nimepeleka, mahindi ya mke wake nimepalilia, na kuku nimekula nikapewa na wa njiani.

Tukaendelea hivyo. Kadiri mambo yalivyokuwa mabaya huko, ndivyo matusi yalivyozidi ukali. Walivamiwa barabarani, wenzake wakauawa, akaniandikia ukurasa mzima akinitukana mguu wangu wa kushoto tu. Sikumwambia pole hata mara moja. Wa kumwambia pole hakuwakosa. Mimi nilimtukana mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na yeye akajibu, "Angalau leo umejaribu."

Kule Misikhu nilikuwa naenda kila nikipata nafasi. Sellah ananiita shemeji, namkuta na jembe lake, nasaidia, nakula, narudi Kitale. Lakini mdogo wake Makokha, Derrick, hakupenda. Huyo Derrick ana domo. Siku moja alinisimamisha langoni.

"Jotham, wewe unakuja hapa kama nani?"

"Kama mukoki wa kaka yako. Wewe ulizaliwa ukatukuta."

"Kaka yangu hayuko. Boma hili lina mwanamume, ni mimi."

"Basi mwanamume shika jembe," nikamwambia, na Sellah akacheka kwa sauti. Derrick hakucheka. Aliniangalia nikajua huyo kijana ataenda kusema maneno.

Baada ya hapo barua zikakatika. Mahindi yakatoa ndevu, yakakomaa, hakuna barua. Nilianza kuwahi dukani kabla ya Harnam mwenyewe. Sikulala vizuri, sikuelewana na wateja, mteja mmoja kutoka mji mdogo wa Kwanza nilimuuzia beringi isiyo yake akarudi kunipigia kelele na nikampigia pia. Halafu asubuhi moja Mama Bimla akanijia akitabasamu, barua ameilaza kwenye kiganja.

"Leo rafiki yako ameandika vizuri," akasema. "Ameshika adabu."

Bahasha ilisema: Bwana Jotham Wekoye.

Nikafungua pale pale.

"Kwa Bwana Jotham Wekoye. Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Natumaini wewe pamoja na jamii yako mko salama salimini. Mimi naendelea vizuri kwa neema za Mungu. Nakushukuru kwa wema wako kwa jamaa zangu. Naomba uendelee kuwa rafiki mwaminifu. Mungu akubariki. Wako, Koplo Makokha."

Nikaisoma tena. Mwaminifu! Nani amesema mimi si mwaminifu? Bwana Wekoye! Miaka yote hiyo, matope yale, damu ile, halafu unaniita Bwana Wekoye kama unaniandikia kuomba kazi? Nilirusha boksi la nati chini. Harnam akatoka ofisini akauliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa. Akaniambia pole, nenda nyumbani. Kwa kweli nilikuwa nimefiwa.

Sikuenda nyumbani. Nilienda moja kwa moja Misikhu, nikamkuta Derrick anachambua maharagwe uani, nikamshika shingo ya shati.

"Umemwandikia nini kaka yako?"

"Niachilie!"

"Umemwandikia nini?"

"Ukweli! Kwamba wewe uko hapa kila wiki! Kwamba watu wanauliza!"

Nilimpiga kofi moja, la pili Sellah akalizuia kwa kuingia katikati. Akanipokonya barua, akaisoma amesimama, nikitegemea atalia. Hakulia. Aliigeuza, akaishika karibu na macho.

"Shemeji, huu si mwandiko wake."

"Ni wake. Ameandika pole pole. Mtu akitaka kukutoa anaandika vizuri."

"Makokha hajawahi kuandika salama salimini tangu azaliwe. Na herufi zake zinalala, hizi zimesimama. Kuna kitu hapa. Mwandikie, mtukane kama kawaida. Kama amekasirika atasema. Kama ni jambo lingine utajua."

"Nimtukane mtu aliyeniita Bwana? Nijipendekeze?"

"Jotham, yuko vitani."

"Na mimi niko wapi? Si niko hapa natukanwa na huyu mtoto wenu?"

"Mtukane tu," Sellah akasema. "Nakuomba. Mtukane."

Nilikataa. Wewe ungekubali? Ukishatolewa, ukiendelea kutukana, unakuwa kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyofukuzwa. Kila mtu kule angenicheka, Derrick wa kwanza. Mimi pia nina jina langu. Nilirudi Tuwan nikiwa nachemka, nikachukua karatasi safi, nikaandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

"Kwa Koplo Makokha. Nimepokea barua yako na nimekuelewa vizuri. Jamaa zako wako salama. Sitakanyaga tena kwako, ili kusiwe na maneno. Nakutakia kazi njema na afya njema. Wako, J. Wekoye."

Hakuna tusi hata moja. Nilipoitia posta nilisikia raha, nisikudanganye. Raha ile ya kumpiga mtu pale pale alipokupiga.

Hakujibu. Misikhu sikuenda tena, na mwaka ukageuka. Kisha habari zikafika kwa chifu, na chifu akampelekea Sellah, kwamba Makokha ameumia na atarudishwa nyumbani. Ameumia wapi, hakuna aliyesema. Habari hiyo mimi niliipata kwa mama mmoja muuza nyanya sokoni Kitale, fikiria! Mukoki wangu ameumia vitani na mimi naambiwa na mtu wa nyanya, tena akinipimia kilo.

Siku ya kumkaribisha nilienda. Ndiyo, nilisema sitakanyaga, lakini bakoki wote walikuwa wameitwa, na nisingekuja watu wangesema Derrick alikuwa na ukweli. Nilivaa koti. Turubai limefungwa uani, ng'ombe amechinjwa, kwaya ya kanisa inaimba, na bakoki wenzetu wameshaanza kazi, wanamwuliza Makokha kama hao waasi walimfukuza kwa sababu ya harufu. Yeye anacheka, anawarudishia mmoja baada ya mwingine.

Amekonda. Na mkono wa koti wa kulia ulikuwa umekunjwa ukafungwa na pini. Hakukuwa na kitu ndani yake kuanzia kwenye kiwiko.

Nilisimama kama nimepigwa msumari. Nilikuwa nimejipanga kumwonyesha uso mkavu, lakini uso ulikataa. Yeye akaniona. Kicheko kikakatika. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Habari za siku nyingi, Bwana Wekoye. Karibu sana."

"Asante, Koplo," nikasema. "Pole kwa safari."

Wale waliokuwa karibu wakatazamana. Wanajua. Nikaenda kukaa nyuma kabisa na watu wa kanisa, hasira inanipanda na machozi yanataka kufuata, na Derrick ananiangalia kwa mbali akitafuna.

Hapo ndipo alipokuja mwanamume mrefu, mpole, amevaa nguo zilizopigwa pasi, akakaa karibu nami. Akasema anaitwa Rotich, anatoka Kapsara, alikuwa na Makokha kikosi kimoja na amemsindikiza nyumbani.

"Wewe ndiye Jotham?" akasema, uso umejaa furaha. "Mimi nakujua sana. Mimi ndiye nilikuandikia."

"Kuniandikia nini?"

"Si ile barua? Makokha alikuwa amelazwa, mkono umeshakatwa, akaniambia nishike kalamu. Lakini homa ilikuwa imempanda bana, alikuwa anaropoka. Matusi matupu! Nikaona aibu. Nikasema, huyu rafiki yake atafikiria nini, mtu amekaribia kufa na anamtukana hivi? Nikaiandika vizuri kwa niaba yake. Hata mambo ya mkono niliyatoa, maana tulikuwa tumekatazwa kuandika habari za majeruhi."

"Alisema nini? Niambie vile alivyosema."

Rotich akacheka kwa haya, akaangalia kama watu wa kanisa wanasikia. "Alisema niandike, 'Wewe mwoga wa kisu, mkono wangu wa kulia umebaki kwa mtaro wa watu. Sasa nitakupiga na wa kushoto, na bado utalia. Nitukane haraka. Kila mtu huku ananihurumia na nimechoka.' Unaona? Mtu mgonjwa."

"Na jibu langu?"

"Lilifika! Mimi ndiye nilimsomea. Wewe unaandika vizuri sana. Akaniambia nirudie, nikarudia. Halafu akageukia ukuta akalia. Nikasema moyoni, heri, rafiki yake amemliwaza."

Sikumpiga. Mungu ananiona, sikumpiga, ingawa mkono ulishajikunja. Nilimshika ukosi nikamvuta katikati ya viti, watu wanaruka sufuria, kwaya inanyamaza, mpaka mbele ya Makokha.

"Mwambie!" nikapiga kelele. "Mwambie huyu mkia wa ng'ombe ulichofanya!"

Maskini Rotich akasema yote, akigugumiza, hajui kosa lake ni lipi. Alipofika pale alipoandika salama salimini, bakoki wakaanza kuangua kicheko, mmoja akajishika tumbo akaanguka na kiti. Mimi nikacheka pia, na machozi nikayaachilia, ya nini kuficha. Yote yalikuwa yamekwisha! Nikamgeukia Makokha, nikafungua mdomo, na matusi ya mwaka mzima yakatoka kama gunia limepasuka. Nilimwita nusu mtu. Nilimwita shati la kuning'inizwa. Nilimwambia wale waasi walichukua mkono mzuri wakaacha sura. Watu wakapiga makofi. Sellah peke yake ndiye alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefungwa kwenye leso, hacheki.

Makokha alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Uso wake haukusogea.

"Rotich hakujua," akasema. "Kwao hawafanyi hivyo. Aliona mgonjwa, akafanya alichoweza."

"Huyu mjinga ametupoteza mwaka mzima!"

"Sellah ameniambia alikuonya kwamba mwandiko si wangu. Ni kweli?"

"Alisema, lakini..."

"Alikuomba unitukane?"

"Makokha, bahasha ilisema Bwana. Wewe ungefikiria nini? Derrick alikuwa amekuandikia maneno!"

"Aliniandikia. Nilimwambia anyamaze, kwamba wewe ukiwa kwangu ni kama mimi niko." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo liliniogopesha. "Sawa, tuseme niliandika mimi. Tuseme nilimwamini Derrick, nikakasirika, nikakuita Bwana kwa mkono wangu huu ambao haupo. Mtu yuko vitani, Jotham. Mtu yuko vitani amekukasirikia, na wewe unamtoa?"

Nilitazama bakoki wenzangu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapata kitu cha kuangalia chini.

"Nilikuwa nangoja tusi moja," Makokha akasema. "Moja tu lingetosha."

Akainuka, akanyoosha koti lake kwa mkono aliobaki nao.

"Karibu chakula, Bwana Wekoye. Nyama iko ya kutosha."

Akaenda kukaa na wenzake, na baada ya muda matusi yakaanza tena upande ule, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti, na vicheko. Nilitaka kutoka, lakini kutoka bila kula kungekuwa ubaya juu ya ubaya. Sellah akapita kati ya watu amebeba kiti kwa mikono miwili, kile kizuri cha sebuleni chenye kitambaa, ambacho bakoki hawajawahi kupewa katika boma lile. Akakiweka mbele yangu, akakipangusa.

"Keti hapa," akaniambia. "Hiki ni cha wageni."